FreeStyle Libre 2: inafaa kwa anayeamka sukari ikiwa juu?

Kipimo cha kidole hukupa namba moja tu asubuhi. Ukiona 9.5 mmol/L, hujui ilianza kupanda saa ngapi. Hapo ndipo FreeStyle Libre 2, kihisi cha kupimia sukari mfululizo, kinapostahili sifa: kinabandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kinasubiri dakika 60, kisha kinapima usiku kucha kwa siku 14.

Soma mchoro wa sukari ya usiku, siyo namba ya kuamkia peke yake. Mstari ukitulia kisha ukapanda kuanzia saa tisa au kumi usiku, ni homoni za alfajiri, kama kotisoli, zinazolisukuma ini kumwaga sukari. Mstari ukiwa juu tangu ulipolala, chunguza mlo wa jioni. Mstari ukipanda taratibu usiku mzima, huenda insulini ya muda mrefu unayochoma haitoshi au inaisha mapema. Mpelekee daktari mchoro wa siku kadhaa, usiongeze dozi mwenyewe.

Kasoro yake kubwa ni hii: ukiulalia mkono wenye kihisi, kinaweza kuonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka. Pia kinapima majimaji yaliyo chini ya ngozi, hivyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. King'ora kikilia, au namba isipolingana na unavyojisikia, nawa mikono, ikaushe, toboa kidole (mabaki ya tunda kwenye ncha yake hupandisha namba). Kwa hiyo usitupe vijiti vyako vya kupimia.