Vipande Tisa au Nyumba ya Magogo?

Wamarekani wanaoshona mablanketi ya viraka wana mitindo mingi ya jadi. Hii miwili humfaa anayeanza. Vipande Tisa ni miraba 9, safu tatu za mitatu mitatu. Kazi iko kwenye makutano: safu ya kwanza ukiilaza mishono kulia kwa pasi, ya pili ilaze kushoto, la sivyo pembe zitapishana.

Nyumba ya Magogo, iliyovuma huko tangu miaka ya 1860, haina usumbufu huo. Unaanza na mraba wa kati, mara nyingi mwekundu (eti ndio meko), kisha unauzungushia vipande virefu vyembamba, pande mbili rangi hafifu, mbili iliyokolea. Ila mshono wa robo inchi ukizidi kidogo tu, kosa linaongezeka kila mzunguko. Mimi ningeanza na Vipande Tisa, ingawa kwa kumaliza mabaki ya kitambaa Nyumba ya Magogo haina mpinzani.