SSD ya laptopu na PS4 mjini Lubumbashi: uliza kwanza umeme ukikatika inakuwaje

Wasomaji wa mitaa ya Katuba na Kenya wanaleta lalamiko lile lile: SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ina miezi mitatu tu, asubuhi mashini inawaka na kuandika kwamba haioni diski. Muuzaji anasema ni virusi. Si virusi. Mara nyingi ni delestaji, umeme kukatwa kwa zamu, iliyokuta diski dhaifu ikiandika.

Habari za kasi tuziache. Kwenye mlango wa SATA, zote zinazouzwa hapa zinasoma karibu MB 500 kwa sekunde, na kwenye PS4 hutahisi tofauti.

SSD ina ramani inayoonyesha kila kipande cha faili kimewekwa wapi, na ramani hiyo hubadilika kila unapoandika. Umeme ukikatika katikati, ramani inaweza kubaki nusu ya zamani na nusu mpya, na diski inashindwa kuamka. Kuna baya zaidi: kwenye chipu za TLC seli moja hubeba biti 3, kwa hiyo uandishi uliokatizwa unaweza kuharibu hata data ya zamani iliyokuwa imelala salama kwenye seli hiyo. PS4 haina betri. Laptopu zilizotumika tunazonunua, nyingi betri zimeshakufa na zinaishi kwa chaja. Stabilizateri haiokoi chochote hapa, maana inasawazisha volti tu. Yenye akiba ya umeme ni onduleri (UPS).

Nafasi ya kwanza naipa Crucial MX500, na siombi radhi kwa kuipendelea. Ina DRAM, kumbukumbu ya haraka ya kushikia ramani, na imetengenezwa kulinda data iliyokwisha kuandikwa umeme ukienda ghafla. Faili uliyokuwa unaihifadhi sekunde ile inaweza kupotea, lakini picha za mwaka jana zinabaki. Dhamana ni miaka 5; ya GB 500 imepangiwa kuandikwa TB 180. Shida ni kwamba Desemba 2025 Micron, wenye jina hilo, walitangaza kuacha kuuza Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Ukiikuta halisi, ichukue, ila kagua kwanza.

Ya pili ni Samsung 870 EVO. DRAM ipo, dhamana miaka 5, na ya GB 500 inafika TB 300. Kwa uimara wa kuandikwa inaishinda MX500. Naiweka ya pili kwa sababu ya umeme peke yake. Ndiyo pia inayoigwa sana, basi bei ya chini kupita kiasi ikutie wasiwasi.

Diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 bado inafaa kwa filamu na michezo, hasa ikikaa nje kwa USB. Umeme ukikatika, mzunguko wa sahani zenyewe hutoa nguvu ya kurudisha vichwa mahali pake. Ukitaka kuiingiza ndani ya PS4, pima unene: mwisho ni milimita 9.5. Zile za TB 4 na 5 huwa na milimita 15 na haziingii hata ukisukuma.

Kingston A400 na Crucial BX500 ni za bei ndogo, hazina DRAM, dhamana miaka 3. Zifungie onduleri au ziache.

Kuifunga kwenye PS4 si kazi kubwa: skrubu moja ya kibebeo, kisha nne za diski. Kinachowakwamisha watu ni programu. Kwenye flashi ya FAT32 tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, weka PS4UPDATE.PUP kamili, ile ya kusakinisha upya yenye zaidi ya GB 1. Faili ndogo ya kusasisha inakataa kwenye diski tupu. Bonyeza kitufe cha kuwasha mpaka mlio wa pili, kama sekunde 7, uchague namba 7. Nakili seivu zako kabla ya kufungua chochote.

Sasa wauzaji. Wanakataa noti ya dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha, lakini diski yao hawataki uichomeke kabla ya kulipa. Usikubali. Nenda na laptopu, kebo ya SATA kwenda USB na CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski. Tazama Power On Hours: diski mpya haina saa mia tatu. Kisha tazama mstari wa AE kwenye MX500, au EB kwenye Samsung. Hapo diski yenyewe imehesabu mara ngapi umeme uliikatikia. Namba hizo huonyeshwa kwa heksadesimali, kwa hiyo zigeuze kwanza kwenye Raw Values, uchague 10 [DEC], la sivyo utasoma 40 mahali pa 64. Diski iliyokatikiwa mara 64 haijatoka kwenye karatasi leo, hata plastiki yake ing'ae namna gani, na kumtoza mtu bei ya mpya kwa kitu hicho ni wizi.