TAHADHARI: Anauza Tudor Pelagos ya "titani", ni chuma cha pua

Ndugu zangu mnaotafuta saa za kupigia mbizi zilizotumika, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna mtu anatangaza Tudor Pelagos, ganda na mkanda wa titani, inayohimili maji hadi kina cha mita 500, pamoja na kadi ya waranti ya 2013. Mimi ameshaniliza. Nilijichanga muda mrefu kwa ajili ya saa hii na mpaka leo roho inaniuma.

Anaongea vizuri sana, hilo mlijue. Anajibu haraka, anakuita kaka, habani kwenye bei. Nilimwomba apige picha ya saa ikiwa pembeni ya karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku ile. Akaileta baada ya dakika chache, nami nikatulia. Leo nikiikuza picha ile naona kivuli cha saa kimelalia kulia na cha karatasi kimelalia kushoto. Karatasi imebandikwa kwa programu. Siku ile macho yangu yalikuwa kwenye saa tu.

Kisha akataka nitume hela kwa ile njia ya kumtumia rafiki au ndugu, eti tukwepe makato. Hapo ndipo nilipotakiwa kuachana naye. Ukituma hivyo kinga ya mnunuzi huna, inahesabika kama umempa mwenzio hela kwa hiari yako.

Saa ilipofika, nilipoishika tu nikajua kuna kitu. Titani ina gramu 4.5 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, chuma cha pua kinakaribia 8. Titani ina kijivu kilichofifia, na ukiivaa asubuhi haikupi ule ubaridi wa chuma. Hii ilikuwa nzito, inang'aa, baridi.

Sikutaka kumtuhumu mtu kwa hisia. Nikautoa mkanda na kuupima: gramu 72. Nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikaufunga mkanda kwa uzi na kuuzamisha wote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na mkanda, kwa hiyo inakupa ujazo wake. Mkanda wa titani wa uzito ule ungesoma kama 16. Huu ulisoma 9. Nikarudia mara tatu, 9 ile ile. Gramu 72 gawanya kwa 9 unapata 8, chuma cha pua.

Uso wa saa nao ulikuwa unasema uongo, ila mimi ndiye sikuusoma. Pelagos za mwanzo, za 2012, zina mistari miwili ya maandishi upande wa chini. Mistari mitano ilikuja na toleo la 2015, lenye mashine mpya inayotunza nguvu kwa saa 70. Yangu ina mistari mitano na kadi ya 2013! Na hizo saa 70 nazo hazikufika: niliivua Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi nikaikuta imesimama.

Fundi saa alipoifungua alinionyesha ile vali ya heliamu ya ubavuni, inayotakiwa kutoa gesi ya heliamu iliyoingia ndani ya saa: ni kidude cha urembo kilichogundishwa, nyuma yake hakuna tundu. Mpira wa kuzuia maji chini ya kifuniko ulikuwa umepinda. Hili ndilo linalonitisha kuliko hela. Kila mita 10 za kina zinaongeza mgandamizo wa karibu angahewa 1, na kuna mtu ataishusha saa kama hii baharini akiitegemea imhesabie dakika zake za kukaa chini.

Nilimwandikia kwa upole, nikamtumia picha za mizani. Aliusoma ujumbe, akanifungia.

Juzi picha zake zimerudi sokoni, jina jipya, maelezo yale yale. Kwenye picha hizo pete inayozunguka kioo ina mkwaruzo mfupi karibu na namba 40. Saa aliyonitumia haina mkwaruzo huo, kwa hiyo picha ni za saa ya mtu mwingine kabisa. Ukiuona mkwaruzo huo kwenye tangazo lolote, usitume hata senti. Na kama ndiyo umetuma leo, wapigie watu wa malipo sasa hivi, kabla hela haijatolewa.