TAHADHARI wana Tabora: AC za darini, msikubali dari ifungwe kabla hamjapanda kuona

Ndugu zangu, hasa mnaomalizia nyumba huku Ipuli, Cheyo na Isevya, naomba mnisome hadi mwisho. Kuna jamaa anapita kwenye nyumba zilizofikia hatua ya dari. Anasema anauza na kufunga AC za darini, ile mashine moja inayofichwa juu ya jipsamu, kisha ubaridi unasambazwa kila chumba kwa mifereji ya hewa ambayo mafundi wanaiita dakti. Amevaa vizuri, ana picha za majumba kwenye simu, anaongea kwa upole. Nilimpa milioni sita taslimu. Jina lake siliandiki kwa sababu shauri nimeshalifikisha polisi, ila namna anavyofanya nitaieleza yote ili mumtambue akifika kwenu.

Nyumba ni ya mama. Mama ana pumu, na joto la Oktoba la hapa kwetu, kabla mvua hazijaanza, mnalijua: chini ya bati halaliki. Jamaa akanipigia hesabu ya milioni tisa na laki mbili, milioni sita zitangulie "za kuagizia mzigo Dar". Risiti aliyonipa ni ya kitabu, ya kuandika kwa kalamu. Nilipomuuliza ya EFD akasema itakuja na mzigo. Haijaja mpaka leo.

Kazi aliifanya siku mbili tu. Siku ya pili, saa kumi jioni, akaanza kunihimiza: "Dada, mafundi jipsamu si wapo? Tufunge leo leo, vumbi lisije likaingia kwenye mashine." Nikaona anaijali kazi yake. Nikaruhusu. Hapo ndipo aliponimaliza, na hapo ndipo nataka kila mwenye nyumba asimame.

Sebule ilipoa kidogo. Chumba cha mama, ambacho kiko mwisho wa njia, kilitoa hewa ya vuguvugu. LUKU niliyozoea kukaa nayo wiki mbili ikawa haifiki siku nne. Nikampigia, akaja na mtungi, akasema gesi imeisha. Laki na themanini. Baada ya wiki tatu, gesi imeisha tena, laki na themanini nyingine. Mara ya tatu nikalipa nikiwa na hasira, maana mama alikuwa haoni usingizi.

Jamani, gesi ya AC haiishi kama mafuta ya bodaboda. Inazunguka ndani ya paipu za kopa zilizofungwa kabisa, inabeba joto la ndani inalipeleka nje, inarudi. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu ambacho kitamwagika tena, naye anajua.

Novemba mvua zilipoanza ndipo dari iliposema ukweli. Doa la kahawia likatokea juu ya kitanda cha mama, kesho yake likawa mawili, kisha matone. Pamoja na hayo ikaja harufu, nzito, ya kinyesi cha popo, inatoka kwenye tundu lile lile la kupuliza ubaridi. Mama akaanza kubanwa kifua usiku.

Nikamtafuta fundi mwingine, kijana aliyesoma VETA, tukatoboa jipsamu tukapanda na tochi. Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Dakti ilikuwa bati jembamba tupu, halikuvikwa sponji wala chochote cha kuzuia joto, limelala chini ya mabati ya paa yanayochomwa na jua mchana kutwa. Maungio yalizungushiwa solotepu ya kufungia maboksi. Niligusa ungio la pili, solotepu ikabaki mkononi, upepo wa baridi ukanipiga usoni. Ubaridi wa mama ulikuwa unaishia humo, unapoza popo. Paipu ya kukunjika ya kwenda chumbani kwake ilikuwa imepindishwa juu ya boriti mpaka imebanana, hewa haina pa kupita.

Kijana akanieleza kwa nini matone yalisubiri Novemba. Kiangazi hewa yetu ni kavu, bati la baridi halitoi jasho sana. Mvua zikianza hewa inajaa unyevu, na bati lisilovikwa linalowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Lililoniuma zaidi ni harufu. Mashine kama hii inatakiwa kuvuta hewa ya chumbani, iipitishe kwenye chujio, iipoze, iirudishe chumbani. Huyu hakujenga njia ya kurudisha hewa. Mdomo wa kuvutia aliuacha wazi darini, chujio hakuna. Kwa hiyo kwa miezi miwili mashine ilivuta vumbi na uchafu wa popo na kumpulizia mgonjwa wa pumu aliyelala. Fedha naweza kuitafuta. Hili siwezi kulisamehe.

Kwenye mashine ya nje, ile mwenza wa ya darini inayotupa joto nje ya nyumba, nati za paipu za kopa zilikuwa zimelowa mafuta, ndiyo alama ya mahali gesi inapotokea. Kibandiko cha mashine kimeandikwa R410A. Mtungi aliokuja nao jamaa, ambao niliupiga picha bila kujua maana yake, umeandikwa R22. Hizo ni gesi mbili tofauti, mgandamizo tofauti na mafuta ya kompresa (pampu inayosukuma gesi) tofauti, hazichanganywi. Wala sikuwahi kumwona na pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na unyevu kwenye paipu kabla gesi haijafunguliwa. Unyevu ukibaki humo unaila kompresa polepole.

Akija kwako, mwambie dari haifungwi mpaka mashine iwake na wewe upande. Pitisha mkono kwenye kila ungio. Ukisikia upepo, kazi bado. Dakti yote iwe imevikwa. Uliza hewa inarudi kwenye mashine kwa njia gani, akuoneshe na chujio lilipo. Mwagia maji kwenye sinia la mashine, lile la kukingia maji yanayodondoka, uone kama yanatoka nje. Paipu za kopa zijazwe naitrojeni kuona kama zinavuja, geji ya mgandamizo ikae bila kushuka, kisha pampu ya vakyumu, na hayo yote uyaone yakifanyika. Fedha nyingi ibaki mkononi mwako mpaka hapo, na risiti iwe ya EFD. Waya za umeme zifungwe na mwenye leseni ya EWURA, sio vishoka.

Simu yangu hapokei tena, lakini wiki iliyopita jirani alimwona Cheyo akipakua mabati kwenye nyumba isiyo na dari bado. Mwenye nyumba hiyo, kama unasoma, simamisha kazi leo. Picha zote ninazo, na kipande cha ile dakti yenye solotepu nimekihifadhi uani. Niandikie hapa chini, nitakuelekeza nyumbani uje ukione.