Keria ya Mkonga: Kabla Hujalipa, Hesabu Miguu

Mwaka jana nilirudi kutoka Ziwa Natron keria ya Mkonga wangu, ile Land Cruiser hardtop, imelala upande kama kofia ya mlevi. Baada ya Engaruka, kwenye ile barabara inayogonganisha meno, mguu wa nyuma ulikunja mfereji wa paa, ule ukingo wa kupitisha maji ya mvua ambao keria inaukanyaga. Masika ilipoingia, maji yakawa yanachuruzika siti ya nyuma, na aliyekuwa amekaa hapo ni mama mkwe. Keria yenyewe? Nzima, haikupata hata ufa. Fundi aliniuzia kitu imara kuliko paa lililokibeba.

Kwa hiyo leo sizungumzii rangi wala taa. Muuzaji atakuonyesha juu. Wewe inama uangalie inapokanyaga.

Dumu la lita 20 la dizeli ni kilo kama 17, bila dumu lenyewe. Nilipanga manne, nikaongeza tairi la akiba na hema. Keria ilikula skwea paipu tano za mita sita, za inchi moja, unene wa milimita 1.5. Paipu hiyo ina kilo kama 1.1 kwa mita, basi hapo ni kilo 33 kabla ya flati ba na meshi. Yote hayo juu ya miguu minne! Mkonga una mfereji mrefu pande zote mbili, sasa uchoyo wa miguu ni wa nini? Sita ni mwanzo, minane ndiyo keria. (Prado za sasa hazina mfereji, hivyo hesabu hii haiwahusu wenye Prado. Na nyie wa Jimny mpya, kitabu cha Suzuki kinasema kilo 30 juu ya paa, keria ikiwemo. Madumu yaacheni.)

Namba moja kwangu ni Front Runner ya Afrika Kusini, na sijifichi kwamba naipendelea. Ni ya alumini, ambayo kwa ujazo ule ule ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma. Imefungwa kwa bolti, haijachomelewa, kwa hiyo ubao mmoja ukipinda unabadilisha huo mmoja. Miguu yake imetengenezwa kwa mfereji wa gari lako, si kwa kukisia. Bei inauma, na ushuru unamalizia.

Ya pili ni ya fundi wa kuchomelea, ila kwa mchoro wako. Mwambie kila kikanyagio kiwe na urefu wa kiganja, kikae ndani ya mfereji, na chini yake kuwe na kipande cha mpira wa tairi kuukuu ili chuma kisile rangi. Kibano kishike kwa bolti mbili, nati ziwe zile zenye nailoni ndani, maana za kawaida mtetemo unazifungua. Asitoboe paa. Achomelee keria ikiwa chini, na akisema lazima aguse moto juu ya gari, waya za betri zitoke kwanza. Paipu ya mabati aikwangue zinki kabla ya kuchomelea. Moshi wake unampa mtu homa. Ncha za paipu zizibwe, la sivyo maji yanalala ndani na kutu inaanzia usipoiona. Ukishafunga, tembea kilomita mia moja, kisha kaza upya.

Rhino-Rack ya Australia ni ya tatu. Nzuri, kama nisingeijua namba moja ningeichukua.

Zile za dukani za "fiti zote", zenye vibano vya bati: za kubebea magodoro, tena mjini.

Kinachonichosha hasa ni bei ya mdomoni. Nilikwenda karakana ile ile mara mbili. Peke yangu nikaambiwa laki tisa. Na shemeji yangu, ambaye hata gari hana, laki sita na nusu. Nilipouliza idadi ya miguu nikajibiwa, "Dada, wewe lete gari tu." Nililipeleka. Mfereji ulipokunjika nikarudi, akaniambia tatizo ni barabara. Kunyoosha mfereji na kupaka rangi kukanigharimu zaidi ya ile keria, na hiyo nilimlipa fundi mwingine.