Walipaka rangi juu ya ukungu wakaondoka

Mwanzoni niliwasifia hawa watu wa kampuni ya usafi. Hata jirani yangu nilimwelekeza kwao, na kwa hilo nimeshamwomba radhi.

Chumba cha watoto, nyuma ya kabati, kulikuwa na doa jeusi la ukungu, pana kama sinia. Nikawaita. Fundi alipofika hakuuliza unyevu unatoka wapi, na hilo ndilo swali la kwanza! Akatoa brashi ya waya, akaanza kukwangua ukuta mkavu huku feni inazunguka na mlango uko wazi. Vumbi likatua kwenye mto wa mwanangu, na mwanangu ana pumu.

Nikamwambia, “Kaka, zima feni, lowesha ukuta kwanza, vijimbegu vya ukungu vinasambaa nyumba nzima.”

Hakugeuka hata shingo. “Dada, kazi hii naifanya kila siku. Ukungu haujaua mtu.”

Kisha akainua chupa ya blichi aimimine kwenye ndoo yenye dawa ya vioo, ya amonia! Nilimshika mkono. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, inayochoma mapafu, tena ndani ya chumba cha mtoto anayepumua kwa shida. Akacheka, akapaka rangi, akaondoka.

Niseme kweli, rangi ilipendeza. Na msaidizi wake, kijana mpole, alirudi kufuta sakafu bila kuambiwa. Kwa ajili yake niliwapa nyota mbili.

Baada ya majuma machache rangi ikavimba, ikabanduka, doa likarudi pana zaidi. Fundi bomba ndiye aliyeona bomba la bafuni linavuja ndani ya ukuta. Jipsamu, lile bao la ukuta, ilikuwa inabonyea kwa kidole. Blichi haiwezi kuokoa jipsamu iliyooza hivyo. Akaziba bomba, tukaikata ile jipsamu na kuitupa, mlango umezibwa kwa nailoni, barakoa ya N95, ile ya kuchuja vumbi laini, usoni, glavu mikononi, vipande vikifungwa kwenye mifuko humo humo chumbani. Siku hizi kipimo cha unyevu wa hewa hakipandi zaidi ya asilimia 50, na maji yakimwagika nahakikisha pamekauka kabla saa 24 hazijapita.

Nyota mbili nilizowapa, nazifuta. Kijana yule anisamehe. Ile foronya nimeifua mara tatu, na bado sijathubutu kumrudishia mwanangu.