TAHADHARI: Jamaa wa "dayari yako ya baiskeli itaishi milele" ni TAPELI

Wadau wa pedeli, hii kitu nilishaapa sitaisema, mke wangu kanicheka wiki nzima imetosha, ila jana nimesikia kuna mwenzetu wa Moshi anaongea na huyuhuyo jamaa, nikaona hapana, bora nichekwe na nyie pia.

Dayari yangu ya mtandaoni, ile ya safari ya baiskeli Dar–Mbeya 2013, mnaijua. HAIPO. Na nimeifuta mimi, kwa kidole changu hiki.

Ilikuwa Jumapili jioni niko kibarazani na kahawa, akapiga. Hakuanza na hela, alianza na shikamoo. Akasema mzee wangu dayari yako nimeisoma yote, pale Mikumi mlipoogopa kupita hifadhini giza limeingia mkapakiwa kwenye fuso tupu linaloenda kuchukua vitunguu nilicheka sana, na mlima Kitonga mlivyosukuma baiskeli mnatukanana. Sasa mtu kasoma hadi matusi, utamshuku kwa lipi? Halafu akanitisha, na alivyonitishia ni vitu vya kweli kabisa ndo maana niliingia kichwakichwa: GeoCities ilifungwa 2009 ikaondoka na kurasa za watu kibao, Google+ nayo ikafa mwezi wa nne 2019, na toka Desemba 2023 Google wameanza kufuta akaunti zisizoguswa miaka miwili. Akaniuliza, wewe ya kwako umeifungua lini mara ya mwisho? Nikanyamaza. Toka marehemu, mwenzangu wa safari ile, aondoke sikuigusa tena, sababu mnaijua.

Akasema ataihamishia kwenye tovuti mpya, bei laki mbili na nusu, unalipa mara moja, inakaa milele. Akatuma linki ya mfano. Nafungua, juu kabisa ni marehemu pale Ruaha Mbuyuni, kachuchumaa chini ya mbuyu, tyubu kaizamisha kwenye karai la maji anatafuta pancha, na yule muuza vitunguu kamwinamia anamwonyesha kidole mapovu yanapotokea. Picha kubwa, safi, maneno yangu pembeni. Jamani macho yalijaa. Nikatuma hela palepale kahawa haijapoa. Jina likatokea la mwanamke, nikauliza, akasema ni wife mzee wangu, laini yangu imefika limiti. Nikasema sawa. Sawa ya nini sijui.

Kesho yake akaomba pasiwedi ili ahamishe, nikampa. Baada ya siku mbili akasema tayari, sasa futa za zamani, maana ukiwa na nakala mbili mtandaoni Google wanaona umeiba wanazificha zote. Picha zaidi ya 400! Mke wangu akauliza si uziweke kwanza kwenye flashi? Nikamjibu we hujui haya mambo. Hilo ndo linaloniuma kuliko hela.

Kumbe ile linki ilikuwa na kurasa tatu tu, zingine "zinapakia". Nikiuliza naambiwa seva inahamishwa mzee wangu, vumilia, wiki ijayo, wiki ijayo, na mimi navumilia kama fala. Leo ndo naelewa: picha ukizifuta Google Photos zinakaa kwenye pipa la takataka siku 60, baada ya hapo kwaheri. Alikuwa anahesabu! Zilivyopita tu lugha ikabadilika, shikamoo hakuna, "kama unazitaka toa laki nne". Nilivyogoma, linki ikafa, wasap kaniblok.

Huyu mtu afungwe. Sheria ya makosa ya mtandao ipo toka 2015, sasa ifanye kazi, na akitoka apewe baiskeli isiyo na breki aanzie juu Kitonga kushuka. Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Kituoni wameniuliza thamani ya mali iliyopotea, nikasema picha, wakatazamana.

Dalili zilikuwepo, basi tu. Pasiwedi usimpe mtu. Jina la laini likiwa la mwingine, kimbia. Na hiyo milele ni uongo wa mchana kweupe, jina la tovuti ni la kukodi, hata ya dot com huwezi kulipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo, yeye milele kaipata wapi? Ya nakala mbili ndo usiseme, weka hata tano, flashi, diski, kwa mdogo wako, chapisha karatasi.

Kwenye Wayback Machine, ile tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani, nimeokota maandishi ya siku sita kati ya 11, picha karibu zote ni viboksi vyeupe. Ruti ninayo, faili la GPX, lile la ramani ya njia tuliyopita, lilibaki kwenye laptopu mbovu.

Aliyewahi kusevu ile picha ya karai na marehemu kwenye simu yake, hata kama imefifia, naomba anitumie inbox. Anayetaka namba ya tapeli naye aje hukohuko.